Besiboli ya vyuoni: nani anaagiza mrusho?



Leo naomba niwape likizo ya siasa. Nataka tuongelee mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye filamu tu, besiboli. Tena si ile ya mamilionea, bali ile ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Najua kuna atakayeuliza, "kaka, hayo yanatuhusu nini?" Subiri kidogo mdau, utaona ninapoelekea.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni 2023 nilikuwa macho saa nane, kompyuta mapajani, chai imepoa. Kule Omaha, Nebraska, ilikuwa bado jioni ya tarehe 22. Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU) kilikuwa kinacheza na Wake Forest, mshindi anaingia fainali ya taifa ya vyuo. Ngwe tisa zikaisha bila kwa bila. Ya kumi nayo ikaisha bila kwa bila. Kwa mtu aliyezoea soka, bila kwa bila ni kitu cha kupigia miayo, lakini mimi nilishindwa hata kwenda kuchemsha chai nyingine. Vijana wawili, Paul Skenes wa LSU na Rhett Lowder wa Wake Forest, walikuwa wanarusha mpira kana kwamba wanasoma mawazo ya wapigaji. Skenes alirusha mara 120 katika ngwe nane, akapigwa mipira miwili tu iliyomfikisha mtu beisi. Lowder ngwe saba, mitatu tu.

Nikajiuliza: hawa wanajuaje warushe nini, na lini? Nilipoanza kufuatilia nikagundua kwamba swali lenyewe nililiuliza vibaya. Katika mechi nyingi za vyuo si wao wanaoamua.

Kwa wasioujua mchezo, nitapita haraka. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu kidogo. Mbele yake, umbali wa futi 60 na inchi 6 (kama mita 18.4), yupo mpigaji na gongo lake (la kupigia jamani, si lile la kunywa). Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, glovu nene mkononi, kinyago usoni. Huyu ni mwenzake mrushaji. Mrusho ukipita eneo halali, yaani juu ya beisi ya nyumbani na kati ya magoti na kifua cha mpigaji, au mpigaji akizungusha gongo akakosa, hiyo ni straiki. Straiki tatu, umetoka. Mrusho ukipita nje ya eneo na mpigaji akauacha, hiyo ni boli. Boli nne, mpigaji anatembea bure mpaka beisi ya kwanza. Watu watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Basi, kwa leo hiyo inatosha.

Sasa historia, na hapa ndipo panaponichekesha. Mechi ya kwanza ya besiboli baina ya vyuo ilichezwa tarehe 1 Julai 1859 mjini Pittsfield, Massachusetts, Amherst na Williams. Matokeo? Amherst 73, Williams 32. Hamjasoma vibaya. Ilikuwa besiboli ya kanuni nyingine kabisa, wachezaji 13 kila upande. Hata kanuni za New York, ambazo ndizo zilizokuja kushinda, zilimfanya mrushaji kwa miaka mingi awe mtumishi tu. Kazi yake ilikuwa kumtengea mpigaji mpira, kwa mkono wa chini, ili mchezo uanze. Na mpaka mwishoni mwa msimu wa 1886 mpigaji alikuwa na haki ya kumtangazia mwamuzi anataka mpira wa juu au wa chini, na mrushaji alete huohuo! Ni kama uko kwa mama lishe: "naomba wali, maharage pembeni." Mteja ni mfalme.

Kwa hiyo kihistoria mtu wa kwanza kuagiza mrusho alikuwa ni yule anayeupiga. Hebu likumbukeni hilo.

Uasi ulianza na mpira uliopinda. Kijana mmoja aliyekuwa akichezea klabu ya Excelsior ya Brooklyn, William "Candy" Cummings, alisimulia kwamba wazo lilimjia utotoni akitupa makombe ya chaza na kuyaona yakikata kona angani. Mwaka 1867, kwa maelezo yake, alifanikiwa kuupindisha mpira mbele ya watu, na waliokuwa wanapiga walikuwa wanafunzi wa Harvard. Wapo wengine waliodai ubunifu huo, lakini waliomwingiza kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1939 walimpa Cummings sifa hiyo. Mimi kinachonivutia ni wahanga wenyewe: wasomi wa Harvard, wakizungusha magongo kwenye hewa tupu.

Na kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo, huenda kimetiwa chumvi, kwamba mkuu wa Harvard wa zama zile, Charles Eliot, alipoambiwa timu ya chuo inashinda kwa sababu ina mrushaji hodari wa mpira wa kupinda, alikunja uso. Akasema mpira huo unarushwa kwa makusudi ya kumdanganya mtu, na chuo chake hakipo kwa ajili ya kufundisha udanganyifu. Nacheka kila nikikumbuka, ila mzee huyo, kama kweli alisema, aliona jambo. Tangu siku ile kurusha kukawa kazi ya akili. Mrushaji alikuwa na siri.

Vyuo vilichangia jambo lingine kubwa ambalo watu hawalitaji sana. Mwaka 1877 mdakaji wa Harvard, James Tyng, aliingia uwanjani na kinyago cha waya kilichobuniwa na mwenzake Fred Thayer. Watazamaji walimcheka. Lakini kabla ya kinyago mdakaji alilazimika kusimama mbali nyuma, la sivyo meno yangekwenda. Baada ya kinyago akasogea, akachuchumaa karibu kabisa na mpigaji. Na akiwa pale, mkono umefichwa kati ya mapaja, angeweza kumwonyesha mrushaji vidole bila mpigaji kuona. Kimoja, mrusho wa kasi. Viwili, wa kupinda. Lugha ya vidole ikakua. Kanuni nazo zikaja mfululizo: 1884 Ligi ya National ikaruhusu kurusha kwa mkono wa juu, 1887 haki ya mpigaji kuagiza ikafutwa, 1889 zikawekwa boli nne na straiki tatu, 1893 umbali ukawa huu wa futi 60 na inchi 6. Ndani ya miaka kumi yule mtumishi wa mezani akawa mpishi mkuu, na mdakaji akawa mshauri wake.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe, maana bila hapa hamtaelewa kwa nini napiga kelele.

Mrusho wa kilomita 150 kwa saa unamfikia mpigaji kwa kama sekunde 0.4. Ndani ya muda huo anatakiwa auone, auamulie na azungushe gongo. Hawezi kusubiri ajue. Analazimika kukisia. Mrushaji naye hamshindi mpigaji kwa nguvu peke yake, anamshinda kwa kuharibu makisio yake. Chukua mrusho wa kuzuga: mkono unazunguka kwa kasi ileile, uso uleule, lakini mpira umeshikwa ndani kabisa ya kiganja, unatoka kilomita 130. Tofauti ya kufika ni kama sekunde 0.06. Kitu kidogo, sio? Lakini kwa sekunde hizo 0.06 mpira wa kasi unasafiri zaidi ya mita 2. Aliyejiandaa kwa wa kasi anakuwa ameshamaliza kuzungusha gongo, mpira ndio kwanza unapiga hodi.

Ndiyo maana mpangilio una uzito kuliko mrusho mmoja mmoja. Tuseme mrushaji wa mkono wa kulia, mpigaji wa mkono wa kushoto. Mrusho wa kwanza: wa kasi, chini, upande wa mbali na mpigaji. Straiki. Wa pili: unaanzia njia ileile, mpigaji anauona ni uleule, kumbe ni wa kuzuga. Anawahi, anakosa. Straiki mbili. Sasa macho yake yako chini na mbali, na mwili wake umeonywa usiwahi. Wa tatu: wa kasi, juu, karibu na kifua. Si lazima uwe straiki. Kazi yake ni kuyavuta macho juu na kumfanya arudi nyuma nusu hatua. Wa nne: wa kupinda, unaoonekana unakuja pale pale juu kisha unazama magotini. Kwaheri. Ule wa tatu ndio uliomtoa, japo kwenye karatasi unaandikwa boli.

Hesabu ya straiki na boli inabadilisha kila kitu. Mpigaji akiwa na straiki mbili bila boli, yeye ndiye mwenye hofu, mrushaji anaweza kumrushia hata nje ya eneo na akaufuata. Akiwa na boli tatu na straiki moja, hofu imehama: mrushaji lazima alete straiki, na wengi wana mrusho mmoja tu wanaoweza kuulenga bila shaka, ule wa kasi. Mpigaji anajua hivyo. Mrushaji anajua kwamba mpigaji anajua. Aliye jasiri anarusha wa kupinda hapo hapo. Wazee wa kucheza drafti barazani wataelewa: unatoa kete yako iliwe ili ule tatu.

Vyuoni kuna kikolezo kingine. Mechi za ligi huchezwa kwa kawaida tatu mfululizo dhidi ya timu ileile, mara nyingi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mrushaji bora hupewa Ijumaa. Ina maana mpigaji anawaona jamaa hao wikiendi nzima, na benchi zote mbili zinaandika. Ulichomfanyia Ijumaa, Jumapili mwenzako hawezi kumfanyia tena kirahisi.

Haya, tulikuwa na mrushaji na mdakaji wanaopika pamoja. Nani aliwafukuza jikoni?

Nawalaumu, kwa sehemu, mafundi wa bati. Mwaka 1974 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu magongo ya alumini kwa sababu ya mbao kuvunjika hovyo na kugharimu fedha. Nia njema kabisa. Lakini gongo la mbao lina udhaifu ambao mrushaji alikuwa akiuishi: ukimbana mpigaji karibu na mikono, mbao inakatika na mpira unadondoka kizembe. Alumini haikatiki. Mpira uleule wa kubana unaruka juu ya vichwa vya walinzi na kuanguka salama. Warushaji wa vyuo wakaanza kuogopa upande wa ndani. Wakahamia mbali na mpigaji, wakaongeza mirusho ya kupinda na hila. Fainali ya 1998 ilionyesha tulikofika: Southern California 21, Arizona State 14. Karibu turudi Pittsfield! Mwaka 2011 vikaja vipimo vipya vilivyofanya gongo la chuma likaribie tabia za mbao, na mipira ya kuvuka uzio ikapungua mno, mpaka mwaka 2015 wakabadilisha mshono wa mpira wenyewe uwe bapa zaidi ili usafiri mbali. Kila badiliko likaja na somo jipya la nini cha kurusha.

Kosa moja likigharimu namna ile, makocha wakasema: hapana, hii siwezi kumwachia mtoto wa miaka 19. Na tuwe wakweli, kocha wa chuo analipwa kwa ushindi, na asiposhinda anafungasha. Anayo madaftari ya kila mpigaji, anayo video, baadaye akapata rada za kupima mpira unavyozunguka. Wake Forest wamejenga maabara nzima kwa ajili ya warushaji. Kwa hiyo benchi la ufundi likaanza kuagiza. Kwanza kwa ishara: kocha anagusa pua, sikio, kofia, kifua, mdakaji anatafsiri na kuonyesha vidole. Kisha namba: kocha anaonyesha tarakimu tatu, mdakaji anatazama jedwali kwenye mkanda wa mkononi kama mwanafunzi aliyeingia na kibomu kwenye mtihani, anakuta namba hiyo inamaanisha mrusho gani na upande upi. Kuanzia msimu wa 2022 NCAA ikaruhusu kifaa cha mawasiliano ya upande mmoja. Kocha anaongea, mchezaji anasikia. Kujibu hakuna.

Sababu zilizotolewa ni za maana: mchezo uende haraka, na wezi wa ishara wakose cha kuiba. (Wizi huo si hadithi. Kule kwa wakubwa, Houston Astros walitumia kamera kusoma ishara mwaka 2017, na adhabu ilitoka Januari 2020.)

Lakini wadau, tazameni njia nzima. Tulianza na mpigaji anayeagiza. Tukapata wanafunzi wawili wanaoelewana kwa vidole. Tumeishia kwa mtu mzima aliyekaa kivulini, mbali na kichuguu, akimnong'oneza mwanafunzi sikioni. Mrushaji alikuwa mtumishi mwaka 1870, na kwa mawazo yangu karudia utumishi. Kabadilishiwa bwana tu.

Labda nina kidonda changu. Nilipoanza kazi kulikuwa na mhariri mmoja (jina kapuni) ambaye ukimhoji kiongozi anakutumia ujumbe wa simu: uliza hili, sasa lile. Maswali yake yalikuwa mazuri, siwezi kukataa, pengine mazuri kuliko yangu. Ila siku moja mheshimiwa niliyekuwa namhoji alisita katikati ya jibu, akameza mate, akaangalia pembeni. Palikuwa na kitu pale. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye simu nasoma swali linalofuata. Habari ikanipita, na nimeikumbuka mpaka leo.

Mdakaji yuko hivyohivyo. Yeye peke yake ndiye anayeona miguu ya mpigaji imesogea inchi mbili, anayesikia pumzi, anayejua mpira uliokwaruzwa sasa hivi ulichelewa au uliwahi. Kocha anauona mchezo kwa pembeni. Daftari lake linasema mpigaji huyu hawezi mrusho wa kupinda. Halisemi kwamba leo, ngwe ya saba, ameshaonyeshwa miwili na anausubiri wa tatu.

Wanaowatetea makocha wana hoja nzito, nisiwadhulumu. Mrushaji anayeamini kwamba uamuzi umefanyiwa kazi anarusha bila wasiwasi, na wasiwasi ndio unaoharibu shabaha. Wapo makocha wanaoruhusu mrushaji kutikisa kichwa na kukataa. Wapo wanaomwachia mdakaji mkubwa aendeshe mwenyewe. Lakini anayefuata agizo miaka mitatu, akasajiliwa na klabu za kulipwa ambako kwa desturi mdakaji ndiye anayeagiza, anafika akiwa na mwili wa mtu mzima na elimu ya darasa la kwanza katika sehemu muhimu kuliko zote za kazi yake. Na hii imetokea wapi? Chuo kikuu!

Skenes mwenyewe ana historia ya kuvutia hapa. Kabla ya kuhamia LSU alikuwa akisoma chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, na kule hakuwa mrushaji tu, alikuwa pia mdakaji. Alichuchumaa pale nyuma, akawatazama wapigaji kwa karibu. Msimu wa 2023 alitoa watu 209 kwa straiki tatu, na Julai mwaka huo Pittsburgh wakamchagua wa kwanza kabisa katika nchi nzima. Siwezi kuthibitisha kwamba ule uchuchumaaji ulimsaidia, mrusho wake wa kasi ulikuwa unavuka kilomita 160 na huo peke yake ni hoja. Ila mimi naamini ulimsaidia.

Turudi Omaha nimalizie. Ngwe ya kumi na moja, bado bila kwa bila. Skenes na Lowder wote wameshapumzishwa. Dylan Crews wa LSU akapata beisi ya kwanza. Wake Forest wakaleta mrushaji mpya kutoka benchi, na aliyesimama kumpiga ni Tommy White, mtu mwenye mabega ya kubeba magunia. Mrushaji anayeingia baridi anatafuta kitu kimoja, straiki ya kwanza, maana boli moja tu ingeanza kuhamisha hofu kumpeleka kwake. White anajua hivyo. Watu wote uwanjani wanajua hivyo. Kila agizo lililowezekana lilikuwa na sababu yake nzuri, kila jedwali lingeweza kulitetea.

Mrusho ulikuwa mmoja tu. White aliupiga huohuo wa kwanza, ukavuka uzio wa kushoto, LSU 2, Wake Forest 0. Huku kwetu ilikuwa alfajiri, na mimi nilikuwa na kikao cha chumba cha habari saa tatu asubuhi.